Alikokwenda Baba Kufungua Maji

Jua likishaanza kuinamia upande wa Machame, baba alikuwa anainuka kwenye kiti chake cha barazani, anavaa buti zake za mpira, anachukua jembe lenye mpini mfupi, kisha anaaga. "Nakwenda kufungua maji." Maneno yalikuwa hayohayo kila siku, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake. Dada yangu, aliyekuwa akiishi naye, alimshika mkono taratibu akampeleka nyuma ya jiko, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakaruka kwenye ndoo. "Haya baba, tumeshafungua." Baba aliyatazama yale maji, akamtazama dada, akasonya. Mzee wetu wa Kilutheri hakuwa mtu wa kusonya hovyo. Halafu akaondoka kama kawaida, na baadaye mtu fulani alikuwa anapiga simu kutuambia kwamba mzee wenu yuko huku kwetu.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani, Old Moshi, kwa miezi michache, ili nimalizie tasnifu yangu mahali pasipo na kelele. Hilo la kelele nilijidanganya. Baba alikuwa amepoteza kumbukumbu nyingi tangu mama alipofariki. Majina yetu yalikuwa yanamjia na kumtoka. Siku nyingine aliniita mwalimu, siku nyingine alinikaribisha kiti kama mgeni aliyetoka mbali. Alikula vizuri, alicheka vizuri, ng'ombe wake aliwajua. Ila hizi safari za alasiri zilikuwa zinatumaliza. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar, alikuwa ameshaamua kwamba Jumamosi anakuja na gari, anamchukua baba, anakwenda kukaa naye kwenye nyumba yake yenye geti na mlinzi. Hakuwa na ubaya wowote, nalisema mapema kabla hujamchukia. Alikuwa anaogopa simu ambayo ingekuja siku moja. Lakini baba hakuwahi kulala nje ya kihamba chake, shamba hili la ukoo ambamo tulizaliwa na ambamo mama amezikwa, bila kuugua. Mimi nilijua, na dada alijua, kwamba tukimtoa kwenye migomba ile hatarudi akiwa hai.

Kazi yangu ni maji. Siyo maji ya kunywa, ingawa pale kijijini nilichoka kueleza nikawaacha waamini kwamba nitawaletea mradi. Nachunguza mtiririko usiotulia, yaani maji au hewa ambayo mwendo wake unabadilika kila nukta, na ndani ya vurugu hiyo natafuta vitu vinavyoshikamana: mizunguko, ndimi za maji, kuta zisizoonekana ambazo maji ya upande huu hayavuki kwenda upande ule. Ukisimama darajani ukautazama mto baada ya mvua utaviona kwa macho. Nyuma ya jiwe pana mzunguko, jani linaingia humo na kukaa, linazunguka, wakati majani mengine yanapita mbio. Jicho linaona mara moja. Kazi ni kuifundisha kompyuta ione, na kuthibitisha kwamba kilichoonekana kipo kweli, hakikuletwa na mtazamaji.

Kwa ajili hiyo nilikuwa nakwenda kwenye mto unaoteremka kuelekea Rau, nafunga kamera kwenye ukingo wa daraja, na kumwaga pumba za mahindi majini ili mwendo wa maji uonekane. Pumba zinaelea vizuri, ni nyepesi, haziyasumbui maji. Akina mama waliokuwa wanapita na majani ya ng'ombe vichwani walisimama kunishangaa. Mmoja aliniuliza kwa heshima zote, "Mwanangu, huo mto nao unakamuliwa?" Dada naye alikuwa na la kwake, maana pumba zilikuwa za ng'ombe wake, na maziwa yalipopungua alijua wa kumlaumu.

Njia ya kwanza ya kuvitafuta vitu hivi ndiyo rahisi, na ndiyo iliyonipotezea muda mwingi. Unachukua picha ya wakati mmoja. Kila mahali kwenye picha unachora mshale unaoonyesha maji yanakwenda wapi na kwa kasi gani, kisha unapiga hesabu kujua ni wapi maji yanajizungusha zaidi ya yanavyovutika. Hapo unapaka rangi, unasema huu ni mzunguko. Picha zinatoka nzuri, za kuwekwa ukutani. Lakini zina kasoro mbili zilizokuwa zinanipandisha hasira. Kwanza, mpaka wa rangi unauweka wewe mwenyewe. Ukishusha kiwango kidogo mizunguko inajaa kila mahali, ukikipandisha inatoweka, na mto hauna habari. Pili, picha inategemea umesimama wapi. Mzunguko anaouona mtu wa ukingoni, mwenzake anayesafiri na mkondo anaweza asiuone kabisa, akaona mwingine mahali pengine. Maji ni yaleyale. Mwalimu anayenisimamia, mtu mpole anayekosoa kwa penseli, aliandika pembeni mwa sura yangu ya pili: "Hapa umetazama sana, hujafuata." Niliichukia sentensi ile wiki nzima, hasa kwa sababu alikuwa na haki.

Kilichomfanya kaka aamue ni jiko la jirani. Jirani yetu wa upande wa juu ni mama mmoja mcheshi ambaye yeye na mumewe walijenga nyumba ya tofali kwenye kiwanja walichonunua wakati sisi tuko shuleni. Alasiri moja alikuwa anamenya ndizi za mtori, akaona mlango wa nyuma unafunguka, baba anaingia na jembe lake, anaitikia "marahaba" ingawa hakuna aliyekuwa amemwamkia, anapita katikati ya masufuria, anatokea mlango wa mbele na kuendelea na safari. Mama jirani alitusimulia huku akicheka mpaka akajifuta machozi. Mumewe hakucheka. Alisema tumfungie mzee wetu, au yeye atafunga milango yake kwa kufuli.

Siku hizo, kila aliyemwona baba alituma ujumbe kwenye kundi la familia. Yuko uwanja wa shule, amekatisha katikati ya mchezo wa netiboli. Yuko nyuma ya kanisa, anapenya kwenye michongoma. Sasa anaonekana juu ya barabara. Sasa yuko chini yake tena. Kila aliyemwona alimshika mkono na kumrudisha kwa njia ya mkato, na sisi tuliwashukuru. Kaka alikuwa anayasoma haya yote akiwa ofisini Dar, na siku ya jiko la jirani aliandika: "Mzee anazunguka tu. Hana anakokwenda."

Na mimi, msomi wa mambo ya kuzunguka, nilifanya nini? Nilizichukua taarifa zile nikaziweka kwenye ramani, nukta kwa nukta, na kwenye kila nukta nikachora mshale wa alikokuwa anaelekea. Nilidhani nitamsaidia baba kwa fani yangu. Chini ya barabara mishale ilielekea machweo, juu ya barabara ilielekea macheo, kwenye kanisa mmoja ulitazama juu na mwingine chini. Programu yangu ikapiga hesabu zake na kunipakia doa jekundu zuri, la mviringo kabisa, juu ya kihamba chetu. Nilimwonyesha dada. Alilitazama doa, akaipangusa mikono yake yenye unga, akasema, "Kwa hiyo kaka hajakosea." Niliifunga ile kompyuta kwa nguvu nikatoka nje kukata majani ya ng'ombe ambayo yalikuwa tayari yameshakatwa.

Nikiwa huko nje na panga langu lisilo na kazi ndipo sentensi ya penseli iliponirudia. Kumbe nilikuwa nimemfanyia baba kosa lilelile nililoufanyia mto. Nilikuwa na picha za ukingoni tu.

Njia ya pili ni ya watu wenye subira, ndiyo maana niliichelewesha. Huchukui picha. Unachukua chembe mbili zilizo jirani kabisa, unaziachia majini kwa pamoja, unazifuata zote mbili popote zinapokwenda, na mwisho unauliza zimeachana kiasi gani. Ukifanya hivyo kila mahali, mto unaanza kujieleza. Kuna sehemu majirani wanaachana vibaya, mmoja kushoto mwingine kulia, na hapo ndipo penye ukuta usioonekana. Kuna sehemu majirani wanabaki majirani hata baada ya safari ndefu, na hao wamo ndani ya kitu kimoja kinachoshikamana, hata kama mtu wa ukingoni hakioni. Unaweza pia kuirudisha saa nyuma, ukazifuata chembe kinyume mpaka zilikotoka. Haijalishi umesimama wapi, kwa sababu hukusimama, unasafiri nazo. Masharti yake ni mawili tu. Usiisumbue chembe, na usiikatishe safari kabla haijafika mbali. Sisi tulikuwa tunamsumbua baba kila siku, na hatukuwahi kumwacha afike.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilitembea ubavuni mwake nikiongea kama kasuku. Baba, huku kuna tope. Baba, tupite hapa pazuri. Yeye akawa anaifuata sauti yangu, mtoto wa watu, mpaka tukajikuta katikati ya barabara, hajui aende wapi, akaniuliza kama namfahamu mke wake na kama nimemwona. Nilimrudisha nyumbani nimemshika mkono.

Siku ya pili nilivaa buti za dada, nikafunga mdomo, nikakaa nyuma yake. Alipita nyuma ya zizi, akaenda pale mpakani ambapo uzio wa mimea ya isale una mwanya, akaingia uwanja wa shule. Watoto walimwamkia, akaitikia bila kusimama. Alipenya kwenye michongoma ya kanisa mahali ambapo matawi yalikuwa yameshavunjika kwa sababu yake. Baada ya kanisa kuna njia ya miguu inayoteremka, na mimi nikateremka nayo, kama ambavyo ningefanya nimefumba macho. Nilipoinua kichwa baba hayupo. Alikuwa juu yangu, kwenye mteremko, katikati ya mibuni, anatembea polepole amegusa ardhi ya ubavuni kwa kiganja. Tulikuwa tumeanza pamoja, na pale tukaachana.

Nikapanda hadi nilipompoteza, nikasimama. Hapakuwa na njia pale, ila majani na bonde dogo lisilofika hata goti. Nikamtazama anavyokwenda. Kwetu hakuna kaskazini wala kusini. Kuna juu na kuna chini, na mtu akikuelekeza dukani, atakwambia panda au shuka. Kila njia ya miguu inafanya moja kati ya hayo mawili. Baba alikuwa hapandi wala hashuki. Alikuwa anaufuata mlima kwa ubavu, anaingia palipoingia ndani, anatokeza palipotokeza, karibu sawasawa, kwa mwinuko mdogo sana ambao mguu hauusikii. Binadamu wa mlimani hatembei hivyo. Wanaotembea hivyo ni maji.

Nilikaa chini kwenye majani. Alikuwa kwenye mfongo.

Niliukumbuka mfongo wetu, lakini nilikumbuka kipande kilichopita kwenye kihamba tu, ule mfereji mwembamba ambamo tulikuwa tunaoshea miguu na kugombezwa. Ulitoka mbali, kwenye banio mtoni, pale maji yanapozuiwa kwa mawe na kugeuziwa mferejini, na familia zilizoumiliki ziligawana zamu. Mambo ya banio yalikuwa ya wanaume. Mwanamke hakutakiwa kusogea huko, na sisi wasichana tulikua hatujui maji yetu yanatokea wapi. Kaka alichukuliwa na baba alipokuwa mdogo, kabla hajapelekwa shule ya bweni. Halafu likaja bomba, mfongo ukaachwa, ukajaa udongo, shule ikaupitishia uwanja, kanisa likapanda michongoma, watu wakajenga. Dada alikuwa ameolewa Mkuu huko Rombo miaka hiyo yote. Aliporudi kumtunza baba, kufungua maji kwake kulikuwa ni kufungua bomba, na kwa baba kulikuwa ni kutembea kinyume cha mkondo mpaka banioni, kwa sababu zamu yetu ilikuwa alasiri.

Kutoka barazani kwetu ungeapa kwamba anazunguka. Ukitembea naye, alikuwa anakwenda moja kwa moja.

Nilimfikia kwenye mlango wa nyuma wa mama jirani. Safari hii nilibisha hodi, nikatoa shikamoo, nikamwambia samahani, nyumba yenu imekaa kwenye mfongo. Yule mama aliniangalia, akaiangalia sakafu yake, kisha akapiga makofi. Kumbe kila masika kona ile ya jiko inatoa unyevu, na wameshaipiga plasta mara chungu nzima, na mumewe amegombana na mafundi wawili. Alifungua mlango wa mbele, akasogeza sufuria. "Pita, meku," akamwambia baba, kama wazee wanavyoitwa kwetu, "zamu ni yako."

Banio lenyewe halikuwa kitu cha kuonyesha mtu. Mto ulikuwepo, unapiga kelele kwenye mawe, na pembeni mstari wa mawe yaliyoota ndevu za kijani, nusu yameshachukuliwa na mafuriko. Baba alipiga magoti. Aliondoa jiwe moja, akachomoa kipande cha shina la mgomba kilichooza ambacho pengine kililetwa na maji tu, akaparua udongo kwa jembe. Nilisimama mbali kidogo, kwa aibu ya mila ambayo sikujua bado ninayo. Maji hayakuingia mahali popote. Yeye aliyatazama yakiingia. Halafu akainuka, akajipangusa, na uso wake ulikuwa umetulia, hata nikamkumbuka alivyokuwa zamani. "Twende," alisema. "Maji yametangulia."

Kurudi alikwenda mbio, mimi nahema nyuma. Hakupotea hata mahali pamoja. Kwa hiyo jibu tulilokuwa tunalitafuta lilikuwepo siku zote. Ukimwacha baba amalize, anarudi nyumbani mwenyewe, na akisharudi hatoki tena. Ni sisi tuliokuwa tunamkatisha katikati na kumrudisha kwa njia isiyo yake, halafu tunashangaa kwa nini anaondoka upya.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki. Tulipofika kichwani mwa kihamba, baba alisimama kwenye ukingo, akaweka kiganja mdomoni, akaita kuelekea chini kwenye migomba, kwa Kichagga, "Yamefika?" Kisha akasubiri. Akaita tena. Hapo nikakumbuka kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mama. Mama alikuwa anasubiri chini na jembe lake, na maji yakifika mwisho wa migomba anajibu. Baba alisubiri mpaka kivuli kikafika miguuni kwake. Nilitaka kujibu mimi, nikashindwa. Alishusha jembe akaingia ndani, na usiku huo hakula vizuri.

Nilimpigia kaka nikamweleza yote. Alisikiliza, hiyo sifa anayo. Akasema, "Wewe unaona mistari kila mahali, ndiyo kazi yako. Na siku akiteleza mtoni?" Safari moja si ushahidi, hata kwenye tasnifu yangu ingekataliwa. Nikamfuata baba kila siku iliyobaki, na kila siku alipita mstari uleule, na mama jirani aliacha milango yote miwili wazi ikifika alasiri. Kila siku pia aliita chini kwenye migomba na hakuna aliyejibu. Nilipomtumia kaka ramani mpya, yenye mstari mmoja safi badala ya lile doa jekundu, alijibu kwa neno moja: "Nakuja."

Jumamosi alifika mapema na viatu vyake vya Dar. Alimwinamia baba, akamwamkia shikamoo. "Marahaba, karibu mgeni," baba akasema, akaagiza apewe chai. Kaka aliinywa ile chai akitazama ukuta. Dada alikuwa ameshafungasha nguo za baba kwenye begi, na kaka mwenyewe akalipeleka kwenye gari, nadhani ili alimalize haraka lile lililokuwa linamuuma. Walipanga waondoke baada ya chakula, wakasogeza mbele kidogo, halafu wakasogeza tena, maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kusimama. Jua likainama. Baba akavaa buti zake. "Nakwenda kufungua maji."

Nilimshika kaka kiwiko. "Mfuate mara moja tu. Usimwambie kitu, usimshike. Akishamaliza, mkitaka kwenda mtakwenda."

Alikwenda. Mimi nilibaki nyuma yao kwa makusudi, mahali pa kuwaona wote wawili. Walipita zizi, isale, uwanja, michongoma ambayo ilimchana kaka shati la kazini. Nilijua wanakaribia pale baada ya kanisa ambapo mimi niliachana na baba, na sikuwa nimemwambia kaka lolote kuhusu mahali pale. Ramani niliyomtumia ilikuwa mstari kwenye simu, isingeweza kumwonyesha jambo dogo kama lile. Njia ya miguu ikateremka. Baba akaambaa na mteremko kwenye mibuni. Na kaka, bila kuinua macho, akaambaa naye. Mbele kidogo ardhi imeporomoka na alama yoyote ya mfongo imefutika, baba hupunguza mwendo pale na kupapasa. Kaka akampita, akatangulia, akaweka mguu upande wa pili mahali penyewe hasa, akageuka na kumpa mkono. Nilitazama migongo yao miwili ikienda sambamba, wale watu ambao nilidhani wameshaachana kabisa, nikalia kwa sauti, peke yangu, kwenye shamba la mtu.

Banioni kaka alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Akashika jiwe. "Siyo hilo," baba alimwambia. "La chini yake."

"Hili, baba?"

"Hilo."

Walilisogeza pamoja. Walirudi mbio, baba mbele, kaka nyuma yake na viatu mkononi, wakipita jikoni kwa mama jirani ambaye alikuwa amejibanza ukutani kuwapisha. Nilipowafikia kichwani mwa kihamba baba alikuwa peke yake kwenye ukingo. Sikumwona kaka. Dada alikuwa ametoka nje, amesimama mlangoni na kanga mdomoni. Baba aliweka kiganja chake, akaita.

"Yamefika?"

Ng'ombe walikuwa wanatafuna. Nikaanza kuhesabu nitamfariji vipi safari hii, na hapo ikatoka sauti chini kabisa kwenye migomba, pale tulipomzika mama, sauti ya mwanamume mzima, kwa Kichagga ambacho sikumsikia nacho tangu aende bweni.

"Yamefika! Yamefika mpaka huku!"

Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaniwekea jembe mkononi kama mtu anayemkabidhi mwanawe, akasogea karibu na kuninong'oneza kwa wasiwasi, "Mama yenu sauti imemkauka. Atakuwa na mafua. Mpikieni mtori."

Tuliingia ndani kumenya ndizi. Kaka alikaa kule chini muda mrefu, na alipopanda, macho mekundu, miguu bado ina tope, alikwenda moja kwa moja kwenye gari akalitoa lile begi, na dada akamshikia mlango.